Baiskeli ya Mizigo na Miteremko ya Kigali

Mwezi Septemba mwaka 2025 macho ya wapenzi wa mchezo wa baiskeli yalielekezwa hapa Kigali, ambako mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Siku ya mwisho, tarehe 28, wanaume walishindana kwa umbali wa zaidi ya kilomita 260, wakipanda na kushuka vilima vyetu tangu asubuhi hadi alasiri, na wengi wa walioanza hawakumaliza. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Mabingwa hao walipanda baiskeli ambazo kanuni za mchezo haziruhusu ziwe nyepesi kuliko kilo 6.8, na kila timu hujitahidi kuukaribia uzito huo kadiri iwezekanavyo.

Vilima hivyo hivyo hupandwa kila siku na mtu mwingine. Huyu amefunga magunia ya viazi, au mikungu ya ndizi, au madumu ya maji, nyuma ya baiskeli ya chuma yenye uzito wa kilo 20 na zaidi. Hakuna ampigiaye makofi, na mara nyingi honi ya gari ndiyo salamu yake. Hata hivyo jiko la Kigali linamtegemea. Jioni ya leo tunapenda kuitazama baiskeli yake: ni ya namna gani, yafaa iweje, na jinsi ya kuitumia ili mwenyewe arudi nyumbani salama akiwa na faida mkononi.

Yafaa tuanze na ardhi yenyewe. Bonde la Nyabarongo liko kwenye mwinuko wa kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Kigali kiko kwenye mita 1,850 hivi. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo mji ulipojengwa, mitaa ikining'inia kwenye mbavu za vilima. Atokaye Nyabugogo kwenda katikati ya mji kwa kupitia Muhima hupanda zaidi ya mita 100 katika safari fupi. Atokaye Gisozi kwenye karakana za samani akiwa na kitanda au meza hana njia ya kufika popote pasipo kupanda au kuteremka.

Sasa tupige hesabu ndogo. Mwendeshaji ana kilo 60, baiskeli kilo 22, mzigo kilo 100. Jumla ni kilo 182. Barabara ikiwa inapanda mita 6 katika kila mita 100, nguvu ya kuizuia baiskeli hiyo isirudi nyuma ni sawa na kuishika ndoo ya maji ya lita 11 bila kuitua chini, nayo lazima ishikwe muda wote wa kupanda. Mwendeshaji akishuka na kusukuma, mwili wake hauko tena juu ya magurudumu. Kilichobaki ni kilo 122, na ndoo ile sasa imekuwa ya lita 7 na kidogo. Ndiyo sababu wachukuzi wetu hushuka na kusukuma. Wapo wanaowacheka kwa hilo, wakidhani ni uchovu au uzee. Kwa kweli ni hesabu, na wachukuzi waliifanya kwa miguu kabla sisi hatujaifanya kwa kalamu.

Kusukuma si jambo geni katika historia ya baiskeli. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu huko Vietnam, chakula na risasi vilifikishwa mstari wa mbele kwa baiskeli nyingi ambazo hakuna aliyezipanda. Zilifungwa mti wa mwanzi kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti, mtu akatembea kando akiziongoza, na baiskeli moja ikachukua kilo 200 na zaidi. Jeshi la Ufaransa, lenye ndege na malori, halikutazamia hilo. Basi mtu anayenunua baiskeli ya mizigo hapa Kigali anunue chombo atakachokipanda kwenye tambarare, atakachokisukuma kwenye mpando, na atakachokizuia kwenye mteremko. Kazi hizo tatu ni tofauti, na ile ya tatu ndiyo inayosahauliwa dukani.

Kila nchi imejitengenezea chombo cha kufaa ardhi yake. Dar es Salaam kuna guta, baiskeli ya magurudumu matatu yenye jukwaa la kupakia mizigo, ambayo huchukua maji, mbao, saruji na hata makochi. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, una baiskeli za sanduku za magurudumu matatu zilizoanza kutengenezwa katika mtaa wa Christiania mwaka 1984, na wazazi wa huko huwapakia watoto wao humo kuwapeleka shule. Vyombo hivi viwili vinasifiwa kwa haki. Lakini Dar es Salaam imekaa kwenye uwanda wa pwani, na Denmark ni nchi ya tambarare. Ukilileta guta kwenye barabara ya Kigali iliyoinama upande mmoja, gurudumu la chini hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo na chombo hutaka kulala ubavu. Baiskeli ya magurudumu mawili humfuata mwendeshaji anapoegemea. Ya matatu haina hisani hiyo. Tunalisema hili kwa sababu wapo watu wenye nia njema wanaoona picha za Ulaya na kudhani kuwa maendeleo ni kuzileta jinsi zilivyo.

Majirani zetu wa Goma walitazama mlima wao wakafanya jingine. Chukudu lao ni la mbao, lina magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira, halina pedali wala mnyororo. Kutoka mashamba ya Kibumba huteremka na kabichi na mkaa kwa nguvu ya mteremko peke yake, na kurudi huvutwa au husukumwa. Breki yake ni kipande cha mpira wa gari kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Mwaka 2009 mji wa Goma ulisimamisha sanamu yenye rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu, heshima ambayo ni miji michache imewapa wachukuzi wake. Hapa Rwanda pia baiskeli ya mbao inajulikana, nayo huitwa igicugutu, ingawa katika barabara kuu za Kigali haina tena nafasi.

Rwanda nayo ilipata kuwa na baiskeli iliyobuniwa kwa ajili ya mizigo yake. Mwaka 2005 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka California na mmoja wa waanzilishi wa baiskeli za milimani, alizuru nchi hii akawaona wakulima wakisukuma magunia ya kahawa. Tunda la kahawa likishachumwa halipendi kungoja. Likikawia kufika kwenye kituo cha kuoshea huanza kuchacha, na bei huchacha pamoja nalo. Ritchey akabuni baiskeli ndefu kuliko ya kawaida, sehemu ya nyuma ikiwa imerefushwa ili magunia yakae chini na mbele ya kitovu cha gurudumu, yenye gia nyingi na breki za kubana rimu kwa pande mbili. Mwaka 2006 yakaandaliwa mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic, na mwaka 2007 ikaundwa timu ya taifa iliyokuja kumpeleka Adrien Niyonshuti kwenye michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Hivyo mzizi mmoja wa sherehe ile ya mwaka 2025 umetoka kwenye baiskeli ya kubebea kahawa, jambo ambalo watangazaji wengi wa mbio hawakulitaja.

Tuingie sasa dukani. Jambo la kwanza ni fremu, nayo iwe ya chuma. Fremu ya alumini ni nyepesi na hupendeza, lakini ikipasuka hapa ni wachache wanaoweza kuichomelea vizuri, ilhali chuma kina fundi kila mtaa. Tazama uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huuongezea fito za chuma pembeni, na wanafanya vyema, kwa kuwa uma ukikatika kwenye mteremko mwendeshaji hana la kufanya. Keria ya kiwandani mara nyingi imefungwa kwa skrubu nyembamba. Iondolewe, itengenezwe nyingine ya nondo au bomba, ikanyage juu ya ekseli yenyewe pande zote mbili.

Magurudumu yanataka jicho la makini. Baiskeli za zamani za Kiingereza, zile nyeusi ambazo viwanda vya India na China vimeendelea kuziiga, zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu aliyezibuni alijua uzito unakaa wapi. Ukiuziwa baiskeli ya kisasa yenye spoki chache nyembamba kwa mapambo, iache hapo hapo. Spoki moja ikikatika zile za jirani hubeba kazi yake, na kabla ya wiki kwisha na hizo zitakuwa zimekatika. Mipira iwe minene na ijazwe upepo wa kutosha. Mpira uliolegea hula nguvu za mwendeshaji kwenye tambarare na huibana tyubu kwenye kila jiwe.

Kuhusu gia, hesabu nyingine fupi. Baiskeli nyeusi ya kawaida yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea zaidi ya mita 5 kila pedali inapozunguka mara moja. Kwenye mpando mkali, mtu aliyebeba kilo 100 hawezi kwenda kwa kasi kuliko mwendo wa miguu, na kwa mwendo huo pedali zingezunguka kama mara 10 tu kwa dakika. Mguu wa binadamu hauwezi kusukuma hivyo. Baiskeli husimama na kuanguka. Mwenye meno 24 mbele na 32 nyuma husogea kama mita moja na nusu kwa mzunguko, na mpando mdogo humalizika akiwa amekaa. Gia basi ni nzuri. Lakini gia zina nyaya, visu vya kuhamishia mnyororo na minyororo myembamba, na kipuri kimoja kikikosekana sokoni baiskeli yote hulala. Kabla ya kununua, nenda kwanza kwa fundi wa mtaani ukamwulize kama ana vipuri vyake. Jibu la fundi huyo lina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Ipo pia baiskeli iitwayo Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, ambayo imesambazwa sana Zambia, Malawi na Kenya. Keria yake imekusudiwa kilo 100, na vipuri vyake vimefikiriwa kwa ajili ya vijiji. Ni chombo imara. Ile iliyosambazwa kwanza ina gia moja na breki ya kukanyaga pedali kinyume, na hapo ndipo tunapoingia kwenye jambo lenyewe.

Watu huuliza, "Inabeba kilo ngapi?" Hapa kwetu swali la kwanza lingekuwa, "Inasimama vipi?" Ile baiskeli yetu ya kilo 182 ikishuka mita 100 kwa mwendo wa pole, nguvu yote iliyotumika kuipandisha hurudi, na sehemu kubwa yake huishia kwenye breki ikiwa joto. Joto hilo linakaribia kutosha kuchemsha nusu lita ya maji ya chai (nasi wa nchi za juu tuna nafuu, kwani maji yetu huchemka kabla ya kufika digrii 100). Sasa fikirini kwamba joto hilo limemwagwa kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kidole. Ikiwa breki ni ya kukanyaga kinyume, joto lote huingia ndani ya kitovu cha gurudumu, grisi huyeyuka na kuungua, na katika mteremko mrefu breki hiyo hufifia pasipo kutoa onyo. Tena mnyororo ukikatika, breki imekwenda nao.

Breki za fito za chuma, zile za baiskeli nyeusi, zina ila yake. Rimu zake ni za chuma kilichong'arishwa, na chuma hicho kikilowa mvua mpira huteleza juu yake kama mguu kwenye sabuni. Katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, mvua yetu haiulizi ruhusa. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi ikiwa imelowa, nayo hupatikana kwa saizi za baiskeli za milimani. Shauri letu ni hili: baiskeli ya mizigo ya Kigali iwe na breki mbili zisizotegemeana, moja mbele na moja nyuma, za kubana rimu ya alumini kwa waya nene, na mwenyewe awe na jozi moja ya mipira ya breki mfukoni wakati wote. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa maana kwenye mteremko uzito husogea mbele. Wengi huiogopa, huikata, wakabaki na ya nyuma peke yake. Wanaogopa kupinduka, na hofu hiyo ina msingi ikiwa breki itabanwa ghafla. Ikibanwa taratibu pamoja na ya nyuma, ndiyo inayomsimamisha mtu kabla ya makutano.

Mzigo nao una adabu yake. Ukae chini na katikati. Gunia lililosimamishwa nyuma ya ekseli huinua gurudumu la mbele kwenye mpando, usukani ukawa hausikii. Magunia mawili madogo yaliyoning'inizwa pande mbili za gurudumu ni bora kuliko moja kubwa juu. Madumu yajazwe hadi mdomoni, kwa kuwa maji ya nusu dumu hucheza na kuivuta baiskeli huku na huku kila kona. Kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu za magari hufunga vizuri, ila mwisho wa kamba ukiachwa huru hutafuta spoki, na kuzipata. Kitanda au mlango usizidi upana ambao mwenye gari nyuma anaweza kuupita, na kitambaa chekundu kifungwe kwenye ncha. Taa si anasa kwa anayeondoka sokoni jua likizama saa kumi na mbili, saa ambayo haibadiliki hapa mwaka mzima.

Lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulipita. Kwenye barabara za Burundi zinazopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama, na kwenye barabara zetu pia, vijana hushika lori kwa nyuma ili livute baiskeli zao kilimani. Kwa macho ya mchovu ni msaada wa bure. Lakini dereva hawaoni, lori hufunga breki pasipo kuwaarifu, na mkono mmoja hauwezi kuongoza baiskeli yenye mzigo. Polisi wa barabarani wameonya mara nyingi. Sisi tungependa kuwauliza wenye mizigo: ni nani aliyempa kijana huyo saa ya kufika ambayo miguu yake haiwezi kuitimiza?

Kwa maana hapo ndipo penye mzizi. Mchukuzi hulipwa kwa gunia, halipwi kwa safari wala kwa saa. Gunia la tatu likiongezwa, mwenye mali anaokoa safari nzima na mchukuzi anapata malipo kidogo zaidi. Gharama ya gunia hilo haionekani siku ile. Huonekana mwezi ujao kwenye spoki, kwenye keria iliyopasuka, kwenye mipira ya breki iliyoisha kabla ya wakati, na bili hizo zote ni za mchukuzi peke yake. Kwa hesabu yetu, safari mbili za kilo 80 humgharimu jasho zaidi na vipuri vichache kuliko safari moja ya kilo 160, na kwenye mteremko tofauti yake ni kubwa zaidi ya fedha. Vyama vya ushirika vya wachukuzi wa baiskeli, hao tunaowaita abanyonzi, vinaweza kuweka kiwango cha mzigo na bei yake kwa pamoja. Mtu mmoja akikataa gunia la tatu, mwingine hulichukua. Chama kizima kikikataa, mwenye mali ataongeza safari.

Wengine watasema kwamba muda si mrefu mambo haya yatakwisha, kwa kuwa pikipiki za umeme zimeenea Kigali na baiskeli za mizigo zenye mota zinatengenezwa nchi nyingi. Huenda. Mota itampunguzia mtu mpando, na hilo ni jema. Kwa upande wa kushuka, betri na mota huongeza kilo nyingine juu ya zile zile breki, kwa hiyo atakayenunua chombo hicho aanze na swali lile lile tulilolitaja.

Na kwa mwenye baiskeli ya leo, ile iliyoegeshwa ukutani kwa ajili ya safari ya kesho alfajiri, kazi yake ni ya dakika tano. Apige spoki moja moja kwa kucha asikie kama ipo inayolia tofauti. Atikise keria. Abinye mipira. Afungue nati za breki atazame unene wa mpira uliobaki. Ukiwa umekaribia chuma, aubadilishe kabla ya kupakia. Afikapo juu ya kilima, kabla ya kuanza kuteremka, asimame kidogo na kubana breki zote mbili akiwa bado tambarare. Katika mteremko mrefu asimame tena katikati, atege baiskeli kwenye jiwe, aisogeze mkono karibu na rimu bila kuigusa. Ikiwa joto linafika kiganjani, angoje lipoe, hata kama mwenye viazi anapiga simu.